Kutazama Ngoma ya Sikio: Alupe, Kisumu au kwa Simu Yako?

Sikio la mtoto limeanza kutoa usaha. Kabla hujatoa hata shilingi, jiulize unalipia nini: picha, au jibu?

Kamera ya sikio inayochomekwa kwenye simu huagizwa mtandaoni kwa bei isiyofika ya simu yenyewe. Picha zake zinavutia kweli, na hapo ndipo wengi hunaswa. Ngoma ya sikio ina upana wa milimita 8 hadi 10 tu, na unene wa takriban milimita 0.1, kama karatasi ya daftari. Mtoto akishtuka, ncha ya kamera husukuma nta ndani au huichana ngoma. Tena kamera huona uso wa ngoma tu. Kama nyuma yake kuna maji, ni vigumu kujua. Mimi singeinunua.

Zahanati au kituo cha afya cha umma hakikutozi kitu ukishajisajili na SHA, bima ya afya ya umma ya Kenya, kwa *147#. Hospitali ya Alupe, kaunti ya Busia, iko ngazi ya juu zaidi, kwa hiyo ulizia ada mapema. Uliza pia kama otoskopu yao, kifaa cha kutazamia sikio, ina kipira cha kupuliza hewa. Ngoma nzima hutikisika ikipulizwa. Yenye maji nyuma yake hukaa nzito kama ngozi iliyolowa. Kakipira hako ka bei ndogo kanakuambia jambo ambalo kamera ya simu haiwezi kukuambia. Na kama nta imeziba, isafishwe kwanza, la sivyo umekwenda kuonyeshwa nta.

Daktari wa masikio mwenye darubini utampata kwenye hospitali kubwa za rufaa, Kisumu au Eldoret. Huko kinachouma ni nauli ya watu wawili na siku ya kazi iliyopotea. Wa Malaba wanaovutwa na Tororo, Uganda, wakumbuke kwamba SHA haivuki mpaka nao.

Kuna mashine ya kisasa zaidi, inayopima kwa mwanga unene wa ngoma pamoja na tabaka zake: ngozi nje, nyuzi katikati, utando laini ndani. Kliniki za macho zinaijua teknolojia hiyo. Mwaka 2012 kundi la Stephen Boppart, Chuo Kikuu cha Illinois, liliitumia kuona utando wa bakteria nyuma ya ngoma bila kupasua. Ni kazi nzuri, lakini usiifungie safari: usaha wa kawaida hautibiwi kwa kujua unene wa ngoma.

Pesa iende kwenye dawa sahihi. Jaribio la watoto wa shule nchini Kenya, lililochapishwa 2005, lilikuta matone ya siprofloksasini yamekausha usaha kwa asilimia 59 ya watoto baada ya wiki mbili. Asidi ya boriki katika alkoholi, asilimia 32.

Wiki mbili zikipita bila kukauka, ndipo utoe nauli ya Kisumu. Nyuma ya sikio ikivimba au uso ukipinda upande mmoja, usihesabu wiki, ondoka leo.