Oili ya pampu ya umwagiliaji: soma namba kwenye dumu

Vijana wangu wa nyanya na vitunguu, wengi mnaamini oili nzito ndiyo inalinda injini kwenye joto, basi mnabeba 20W-50 ya gari mnamimina kwenye pampu. Mnaiumiza.

Kwenye 10W-30, ile 10W inaeleza wepesi wa oili injini ikiwa baridi. 30 ni uzito wake ikishapata moto, kipimo cha nyuzi 100. Sasa injini kama Honda GX160 haina pampu ya oili wala filta. Chini ya konrodi kuna kijiko kinachorusha oili humo ndani. Nzito mno hairuki vizuri unapowasha. Kitabu chake kinataka 10W-30, kama lita 0.6 tu, penye joto, SAE 30 inafaa pia.

Na kwa kuwa filta hakuna, uchafu wote unabaki humo humo. Injini mpya, mwaga oili baada ya saa 20, halafu kila saa 100. Ukimwagilia saa 6 kwa siku, hizo ni siku 17 hivi, siyo msimu mzima jamani! Unapopima, pampu ikae sawa, isiwe imeinama kwenye tuta la mfereji.