Usawiri wa Wahusika Weusi katika Filamu ya True Crime

Filamu zinazosimulia masaibu ya mtu aliyehukumiwa bila hatia aghalabu humwacha mtazamaji na swali moja: je, ataokolewa? Makala haya yanadhamiria kuuliza jingine: ni nani anayepewa uwezo wa kuokoa, na ni nani anayesubiri tu? Tutairejelea filamu ya True Crime, iliyoelekezwa na Clint Eastwood mwaka wa 1999.

Iwapo uwakilishi ni kuhesabu nyuso, filamu hii haina upungufu. Frank Beechum, anayesubiri kudungwa sindano ya sumu katika gereza la San Quentin, California, ni Mmarekani mweusi. Isaiah Washington anamwigiza kwa utulivu wenye heshima, na buriani yake kwa mkewe na bintiye, mtoto anayehangaikia kalamu ya rangi ya kijani iliyopotea, inachoma moyo.

Hata hivyo, anayetilia shaka na kushindana na saa ni Steve Everett, mwanahabari mzungu anayeigizwa na Eastwood mwenyewe. Ndiye anayeingia dukani na kutambua kuwa rafu ya viazi vya pakiti ingemzuia shahidi kuiona bastola aliyodai kuiona. (Mawakili wa Beechum walikuwa wapi miaka yote hiyo?) Beechum ameachiwa imani na subira.

Mhusika anayestahili kutafakariwa zaidi ni Angela Russel, ajuza mweusi ambaye mjukuu wake, Warren, aliuawa. Everett anapobisha mlangoni, ajuza anamkumbusha kwamba Warren alipouawa hakuna mwanahabari aliyefika kuuliza lolote. Swali hilo lina uzito kuliko filamu nzima, lakini halijibiwi. Baadaye ajuza anakitambua kidani cha mwanamke mzungu aliyeuawa, na papo hapo anageuka kuwa ushahidi. Ina maana kwamba mtu mweusi asiye na hatia anaokolewa kwa hatia kuhamishiwa kijana mweusi mwingine, tena marehemu, asiyeweza kujitetea. Sijui kama waandishi wa mswada waliuona mzigo wa uamuzi huo.

Linganisha na Just Mercy ya mwaka wa 2019, inayotokana na kisa cha kweli cha Walter McMillian wa Alabama, aliyehukumiwa mwaka wa 1988 na kuachiliwa mwaka wa 1993. Wakili wake, Bryan Stevenson, ni mweusi, na filamu inaonyesha akilazimishwa kuvua nguo ili apekuliwe anapoingia gerezani kumwona mteja. Lakini tofauti kubwa haiko katika rangi ya mwokozi. Katika True Crime, ukweli umefichika hadi Everett anapoufukua. Katika kisa cha McMillian, haukuwa umefichika: siku ya mauaji alikuwa nyumbani, samaki wakikaangwa na kuuzwa kuchangia kanisa, na majirani weusi wengi walimwona. Walisema hivyo, na mahakama ikakataa kuwasadiki.