Butembo–Beni: Kabla ya kutafuta gazi ya mbio, angalia pinyo, filtri na freni ya pikipiki yako

Vijana wengi wanaona kwenye simu video za magari ya mbio: dereva anabonyeza kitufe na gari linaruka mbele. Kinachosaidia gari hilo ni chupa ya gazi inayoitwa nitro. Huku kwetu, ambako wengi wanakimbia na pikipiki, swali linakuja mbio: je, inaweza kufungwa kwenye TVS ao Boxer ya 125? Na kama haifai, motari afanye nini ili pikipiki yake ipate nguvu?

Tuanze na hewa. Injini haichomi esansi peke yake. Inahitaji oksijeni, na oksijeni hiyo inatoka kwenye hewa. Butembo iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Beni iko kati ya mita 1,100 na 1,200. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Mafundi wanahesabu hivi: kila mita 100, injini inapoteza karibu 1 kwa mia ya nguvu yake. Basi pikipiki yenye nguvu ya farasi 11 kando ya bahari, ikiwa Butembo inabaki na 9 hivi. Ndiyo sababu pikipiki ileile inakuwa nyepesi kidogo ukishuka Beni, na nzito ukirudi kwa mlima wa Kabasha.

Nitro inajibu shida hiyo. Hewa ya kawaida iko na oksijeni 23 kwa mia ya uzito wake, nitro iko na 36. Gazi hiyo yenyewe haiwaki. Joto la injini linaipasua, oksijeni inatoka, na hapo esansi nyingi zaidi inaweza kuchomwa. Katika vita vya pili vya dunia, Wajerumani waliitumia kwenye ndege zao za vita ili zipate nguvu kule juu ambako hewa ni kidogo.

Kuna namna tatu za kuifunga. Ya kwanza inaingiza gazi peke yake, na kompyuta ya injini ndiyo inaongeza esansi. Ya pili inaingiza gazi na esansi pamoja kwa mdomo mmoja. Ya tatu inapeleka gazi na esansi kwa kila silinda peke yake, na hiyo ni ya magari makubwa ya mbio. Pikipiki ya karbirateri haina kompyuta, kwa hiyo ya kwanza inaanguka. Ya tatu haina maana kwa silinda moja. Inabaki ya pili, na hapo hatari inaanza: kama gazi imeingia na esansi haikufuata sawasawa, joto linapanda mara moja na pistoni inayeyuka. Injini hizi ndogo zinapozwa na upepo tu. Na esansi ya Kadhafi ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, injini inagonga hata bila nitro.

Jambo lingine, na hili ni la kufa na kupona: chupa ya oksijeni ya wasudaji si nitro. Oksijeni safi ikikutana na mafuta ao grisi inaweza kulipuka. Mutu asijaribu.

Sasa, nguvu itoke wapi? Ya kwanza ni pinyo na kuroni. Tuseme mbele iko na meno 14, nyuma 42. Pinyo inazunguka mara 3 ili gurudumu la nyuma lizunguke mara 1. Ukiweka pinyo ya meno 13, pikipiki inapata nguvu ya kuvuta karibu 8 kwa mia zaidi, lakini mwisho wa mbio unashuka karibu 7 kwa mia. Ukiweka 15, ni kinyume: inakimbia zaidi kwenye tambarare, inachoka kwenye mlima. Anayebeba mizigo Furu na Kitulu hachagui sawa na anayezunguka katikati ya Beni.

Ya pili ni filtri. Wengine wanaitoa wakisema pikipiki inapumua vizuri. Wakati wa kiangazi vumbi linaingia moja kwa moja, linakwaruza silinda, na baada ya muda moshi wa buluu unatoka. Hapo pesa ya versema inaishia kwa fundi. Filtri safi ni bora kuliko kutokuwa na filtri.

Ya tatu ni karbirateri. Hewa ikiwa kidogo na esansi ikabaki ileile, bugi inakuwa nyeusi na mafuta yanaisha haraka. Fundi anaweza kuweka jikleri ndogo kidogo. Lakini aambiwe kama pikipiki inashuka kila siku Beni ao Kasindi, sababu kule hewa ni nyingi na injini inaweza kupata joto kupita kiasi.

Ya mwisho ni freni, na wengi wanaisahau. Mbio ikiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, njia ya kusimama kwa freni inaongezeka mara nne. Ukiwa na abiria wawili nyuma, barabara ya Butembo–Beni ikiwa na matope na lori limesimama kwenye kona, farasi mbili za ziada hazikusaidii kitu.

Kwa hiyo mwenye pesa kidogo afuate mpango huu: freni na pneu kwanza, halafu filtri na bugi, halafu karbirateri, halafu pinyo. Nitro iachiwe magari ya mbio yaliyotengenezwa kwa ajili yake, kwenye uwanja uliofungwa, ambako hakuna mtoto anayevuka kwenda masomo.