Kuku na Bata Mzinga Wasilale Banda Moja



Mwezi huu darasani tunajifunza wanyama wa nyumbani. Familia zetu nyingi zina ndugu wanaofuga kuku, na sisi tulio huku tunatuma pesa za vifaranga na chakula. Siku hizi wengine wanaongeza bata mzinga kwa sababu ana nyama nyingi. Ni wazo zuri, lakini wakichanganywa na kuku, bata mzinga wanaweza kufa kundi zima.

Kwanza majina. Kifaranga ni mtoto wa kuku. Tembe ni jike ambaye hajaanza kutaga. Koo ni jike anayetaga na kulea. Pora ni jogoo mchanga. Bata mzinga mnamjua shuleni kama dindon au kalkoen. Dindon lina maana ya "wa India", na kalkoen linatokana na Calicut, mji wa India. Lakini asili yake si India! Watu wa Meksiko walimfuga kabla Wazungu hawajafika Amerika.

Sasa ugonjwa. Kuku wengi wana minyoo midogo kwenye utumbo. Mayai ya minyoo hiyo hubeba kijidudu kiitwacho histomonasi. Kuku mwenyewe mara nyingi haumwi. Sisi wauguzi tunawajua watu wa namna hiyo: mtu anaonekana mzima, kumbe amebeba vijidudu vya kumwangusha mwenzake.

Mayai hayo hutoka na kinyesi na yanaweza kukaa udongoni kwa miaka. Bata mzinga akidonoa hapo, au akila nyungunyungu aliyemeza mayai hayo, kijidudu hushambulia utumbo na ini lake. Anazubaa, mabawa yanalegea, kinyesi kinakuwa cha njano. Wengi hufa, hasa wadogo.

Kwa hiyo mabanda yawe mbalimbali, na bata mzinga wasiwekwe mahali walipokuwa kuku. Viatu na vyombo vya kuku visiingie kwao. Nyumbani wafugaji wengi humpa koo mayai ya bata mzinga ayaatamie, kwa kuwa koo ni mvumilivu. Mayai ya kuku huchukua siku 21, ya bata mzinga siku 28. Baada ya kutotolewa, watoto hao watengwe na kuku, wawekwe mahali pakavu penye joto.

Kuna pia mdondo, ambao wengine huuita kideri. Huku unaitwa Newcastle, jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926. Huu huwapata kuku na bata mzinga pia. Hauna tiba, ila una chanjo. Tanzania wanayo chanjo ya I-2, inayotengenezwa Kibaha: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Haiharibiki upesi kwa joto, kwa hiyo inafika hata vijijini.

Na hapa Schaerbeek, mwenye kuku wawili nyuma ya nyumba naye ana wajibu. Mafua ya ndege huletwa na ndege wa porini, hasa majira ya baridi, na mara kadhaa AFSCA imeagiza hata wafugaji wa nyumbani wawafungie ndege wao. Fuateni matangazo yao.

Wahenga walisema: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Zamani alifungwa asipotee. Mimi naongeza: afungwe peke yake wiki mbili, tuone kama ni mzima, ndipo aingie kundini.

Kazi ya nyumbani: mpigie simu bibi, babu au shangazi anayefuga. Msalimie kwanza, kisha uliza kwa Kiswahili:

1. Una koo wangapi na tembe wangapi?
2. Kuku walichanjwa lini?
3. Bata mzinga wanalala wapi?

Andika majibu kwenye daftari, tutayasoma pamoja Jumamosi.

Mwalimu wenu