Moto wa Nje ya Nyumba: Unaoruhusiwa, Unaokatazwa na Namna ya Kuuzima

Katika mitaa ya Manispaa ya Kinondoni, moto huwashwa nje ya nyumba tangu alfajiri. Mama lishe huinjika sufuria kabla ya jua kuchomoza, mchoma mishikaki hupepea mkaa jioni, na kaya iliyomaliza kufagia uwanja hukusanya majani na kuyatia kiberiti. Kwa macho, mioto hiyo yote ni midogo. Hata hivyo, haifanani mbele ya sheria wala haifanani kwa hatari. Katika kata kama Tandale na Kigogo, ambako nyumba zimekaribiana, moto ulioanzia uani kwa mmoja unaweza kuwa msiba wa kaya kadhaa. Makala haya yanaeleza kanuni zinazohusu moto wa aina hiyo na sababu zake.

Taka hazichomwi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyo hiyo inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu. Kwa hiyo taka za nyumbani ni za kukusanywa na kupelekwa dampo, si za kuchomwa uani, mferejini wala kando ya barabara.

Sababu ya kwanza ni afya. Joto la moto wa uani halitoshi kuunguza plastiki ikaisha. Moshi wake hubeba kemikali zenye sumu, zikiwemo daioksini, na wanaouvuta kwanza ni watoto, wazee na wenye pumu. Sababu ya pili ni usalama. Kopo la dawa ya mbu au la marashi ya kupuliza hulipuka likipata joto, hata kama linaonekana tupu.

Wananchi wengi huuliza wafanye nini gari la taka linapochelewa na harufu inapozidi. Swali hilo ni la haki, na jibu lake lina sehemu mbili. Kwanza, taka zitenganishwe. Kinachonuka ni mabaki ya chakula, maganda na majani, na hivyo ndivyo vinavyoweza kufukiwa au kugeuzwa mboji. Manispaa yenyewe ina kiwanda cha mboji huko Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na Jiji la Hamburg la Ujerumani, kinachotumia taka zinazooza. Plastiki, chupa na makopo yakitengwa yakiwa makavu hayanuki, na yanaweza kusubiri. Pili, ucheleweshaji uripotiwe kwa Mtendaji wa Mtaa au Afisa Afya wa Kata, kwa kutaja mtaa na siku ambayo gari lilionekana mara ya mwisho. Taarifa yenye tarehe humwezesha kiongozi kumhoji mkandarasi. Moshi humfikia jirani tu.

Majani na viwanja

Majani makavu huwaka kwa kasi na cheche zake ni nyepesi. Mchana, upepo wa baharini unapoanza kuvuma, cheche moja huweza kuvuka ukuta na kutua juu ya makuti, juu ya turubai la genge au kwenye nguo zilizoanikwa. Kiwanja kisafishwe kwa fyekeo na reki, na majani yafukiwe. Anayeona jirani akiandaa moto wa kusafisha kiwanja amwambie mapema. Maneno kabla ya kiberiti ni rahisi kuliko ndoo za maji baada yake.

Moto wa kupikia

Kupika nje kwa jiko la mkaa si kosa. Biashara ya chakula ni riziki ya kaya nyingi, nayo ifanyike katika maeneo yaliyopangwa na kwa kufuata tahadhari hizi:

Jiko liwekwe mahali tambarare, mbali na ukuta wa mbao, pazia, makuti, mtungi wa gesi na pikipiki. Chupa za petroli zisikae karibu na meza ya mpishi.

Petroli au mafuta ya taa yasimwagwe juu ya mkaa wenye moto. Mvuke wake huwaka ghafla na moto huweza kuirudia chupa mkononi.

Ndoo ya maji na ndoo ya mchanga ziwe karibu kabla ya moto kuwashwa, na mtu mzima asiondoke jiko likiwaka.

Mafuta ya chipsi yakishika moto yasimwagiwe maji. Maji hugeuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta yanayowaka. Karai lifunikwe kwa mfuniko wa chuma, lisiinuliwe, liachwe mpaka lipoe.

Mvua ikianza kunyesha, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na huendelea kuitoa hata unapofifia. Watu wameipoteza roho usingizini kwa njia hiyo. Kichwa kikiuma, kizunguzungu au kichefuchefu kikianza penye jiko, watu watoke nje mara moja.

Moto umezimika lini?

Hapa ndipo wengi hukosea. Moto kutoonekana si dalili kwamba umezimika. Majivu hufunika makaa kama blanketi na kuhifadhi joto kwa saa nyingi, wakati mwingine hadi siku ya pili. Majivu ya namna hiyo yakimwagwa kwenye kiroba, pipa la plastiki au jalala kavu, moto huanza upya wakati aliyeuwasha amekwisha kulala.

Utaratibu sahihi ni kumwaga maji, kukoroga kwa kijiti, kisha kumwaga tena mpaka mvuke na sauti ya kuchemka vikome. Kiganja kikisogezwa karibu bila kugusa, kisihisi joto. Majivu yasiyomwagiwa maji yawekwe kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, mbali na nyumba.

Moto ukishinda nguvu

Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri. Leo kazi hiyo ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya sheria ya mwaka 2007. Mwananchi apige 114 moja kwa moja, bila malipo, na asisubiri kuona kama moto utapungua. Ataje mtaa, alama inayojulikana, kinachoungua na kama kuna watu ndani. Mtu mmoja asimame barabara kuu kulielekeza gari, na wengine waondoe meza na pikipiki njiani.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, asali, mafuta na majivu visipakwe kwenye jeraha.

Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kuwa ni kosa kutumia moto kwa uzembe unaohatarisha maisha ya mtu. Lakini faida kubwa ya kanuni hizi si kukwepa kesi. Katika nyumba yenye wapangaji wengi na uwanja mmoja, linalotakiwa ni makubaliano ya wazi: anayewasha moto ndiye anayeuzima, na haingii ndani kulala mpaka majivu yamepoa.