Asimame Tena kwa Miguu Yake

Mama msomaji, hebu tuseme nyumba yako iko hapa Bagamoyo, si mbali na soko la samaki. Ni alfajiri. Mumeo anaamka ili awahi kazini. Anashusha mguu wa kulia chini, lakini mguu haumtii. Mkono wa upande huo nao umelegea, mdomo umepinda, na maneno yake hayaeleweki. Hicho ni kiharusi.

Kabla jua halijapanda majirani wamekwisha jaa uani. Mmoja anasema ni jini, mwingine anasema ametupiwa kitu, wa tatu anamjua mganga. Mawazo hayo si ya mtaa wako tu. Watafiti waliowahoji watu wa Dar es Salaam na wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, waliona kwamba Dar es Salaam wengi zaidi walihusisha kiharusi na majini au uchawi. Hapo ndipo saa za thamani zinapopotea kwa mafusho.

Ukweli ni kwamba mshipa wa damu umeziba au umepasuka ndani ya ubongo, na mara nyingi chanzo ni presha iliyopanda kwa miaka bila kutibiwa. Uchunguzi uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kwamba Dar es Salaam watu wapatao 316 katika kila 100,000 hupata kiharusi kwa mwaka, na Hai wapatao 109, hesabu zikiwa zimesawazishwa kwa umri. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilizidi hata cha nchi nyingi tajiri. Basi ukiona dalili hizo, mpeleke mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo.

Huruma inayofunga miguu

Lakini leo nataka tuzungumze juu ya siku anayorudi nyumbani. Mke mwema hufanya nini? Humlisha, humwogesha, humvisha, humbeba. Akitaka maji huletewa kabla hajamaliza kusema. Wageni husifu: "Mama huyu ana upendo!" Miezi sita inapita, na mzee bado yuko kitandani. Mguu umekakamaa, bega linauma, na moyo wake umekata tamaa.

Ndugu yangu, huo ni upendo, lakini ni upendo unaomfunga miguu. Mguu wake haujafa. Ubongo ndio uliosahau namna ya kuuamuru, nao hujifunza tena kama mtoto anavyojifunza: kwa kujaribu, kukosea na kurudia mara nyingi. Kila kazi unayomfanyia aliyokuwa akiiweza mwenyewe, ni somo umemnyima.

Mwalimu wa somo hilo ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Anzia hospitali ya wilaya, uulize wapi utampata. Dar es Salaam wapo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na katika hospitali ya CCBRT, Msasani, ya shirika lililoanza kazi mwaka 1994. Usingoje mpaka apate nguvu kwanza. Daktari akisharuhusu, anza, maana miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye maendeleo ya haraka zaidi. Hata hivyo, aliyechelewa asikate tamaa. Mabadiliko huendelea baada ya hapo, ingawa ni ya polepole.

Mazoezi ya nyumbani

Mtaalamu atamwona mara chache, bali wewe uko naye kila siku. Mwombe akuonyeshe kwa vitendo, nawe ufanye mbele yake. Haya ndiyo ya msingi:

Akiwa bado hawezi kujigeuza, mgeuze kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Usimvute kamwe kwa mkono uliopooza, maana bega huteguka kwa urahisi.

Akiweza kukaa, mpe kiti kigumu kilicho juu kidogo, si kigoda. Ili asimame, nyayo zikae chini sawasawa, ainamishe kifua mbele, kisha ajiinue. Wewe simama upande wake dhaifu. Mfunge khanga imara kiunoni, ushike hapo.

Mchanga wa uani kwetu pwani ni mzito. Aanze barazani, penye sakafu ngumu. Fundi seremala anaweza kusimika miti miwili sambamba, kimo cha kiuno, ili ashike anapopita katikati. Fimbo ishikwe kwa mkono mzima. Itangulie fimbo, ufuate mguu dhaifu, kisha mguu mzima. Afanye kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Na dawa ya presha asiiache hata akijisikia vizuri, kwani kiharusi cha pili huja kwa walioacha.

Moyo wake na wako

Mwanamume aliyekuwa akiongoza nyumba, sasa anashikwa mkono kwenda chooni. Usishangae akilia au akifoka. Mara nyingine ni ugonjwa wenyewe, mara nyingine ni uchungu. Usimwite mtoto, wala usimfanyishe mazoezi mbele ya wageni asipotaka. Mwulize shauri la ada za shule kama zamani.

Nawe usibebe peke yako. Watoto wahesabu hatua za baba. Shemeji achukue zamu. Mgongo wako ukivunjika, wagonjwa watakuwa wawili.

Huko Marekani, binti aitwaye Wilma Rudolph, aliyezaliwa mwaka 1940 katika familia maskini yenye watoto wengi, alipooza mguu kwa polio. Kwa miaka miwili mama yake alimpeleka hospitali kila wiki mjini Nashville, umbali wa kilomita 80 hivi, zaidi kidogo ya safari yetu ya Bagamoyo hadi Dar es Salaam. Nyumbani ndugu zake walipokezana kumkanda mguu kila siku. Mwaka 1960, katika michezo ya Olimpiki mjini Roma, Wilma alipata medali tatu za dhahabu za mbio.

Si kila mgonjwa atatembea kama zamani, wala hatupaswi kumdanganya. Lakini kutoka kitandani hadi chooni bila kubebwa ni ushindi mkubwa kwa mtu mzima. Mwombee, na ukisema amina, funga ile khanga kiunoni mwake.

Na siku atakayonyoosha mkono kufuata kikombe cha chai mezani, mkono ukitetemeka na chai ikimwagika, wewe kaa. Usiinuke kumsaidia. Mwache akifikie mwenyewe.