Geuza Chombo, Soma Kitakoni



Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa kambini alitujia na simu mkononi. Kijana wake wa kwanza, aliyehamishiwa Uingereza, alikuwa amemtumia picha ya kibakuli kidogo cha udongo alichonunua kwenye vitu vya mitumba kwa bei ya soda. Nje kahawia karibu na nyeusi, ndani cheupe. Anawekea chumvi. Sasa jirani yake mzungu amekiona, akamwambia akitunze, huenda ni pesa hiyo. Mama akatuuliza: "Eti kibakuli cha chumvi kitalipa ada ya mdogo wake?" Tulicheka, lakini tukakaa tukatafuta.

Wanaojua vyombo hawaangalii kwanza urembo. Wanakigeuza. Cha kiwandani mara nyingi kina jina la kampuni lililochapwa kwa wino. Cha mfinyanzi wa karakana ndogo kina mhuri uliobonyezwa udongo ukiwa bado mbichi, herufi mbili tu. Karakana ya Bernard Leach, iliyoanza mwaka 1920 katika mji wa St Ives, ilitumia S na I. Kwenye picha ya mama yetu tuliona kitu kama L, pembeni kama R, lakini kuna ukungu.

L na R ni Lucie Rie. Na huyu, ndugu zetu, alikuwa mkimbizi.

Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1902, katika familia ya Kiyahudi ya Gomperz. Kwao alikuwa tayari na jina. Mwaka 1937 alipata medali katika maonyesho ya Paris. Vyombo vya wakati ule aliviandika chini kwa rangi: LRG Wien, yaani herufi zake, pamoja na G ya kwao, na jina la mji wake. Mwaka 1938 utawala wa Hitler ukaingia Austria, akakimbilia London. Mume wake akaendelea hadi Marekani, yeye akabaki. Tangu hapo chini ya vyombo ni LR tu. G imeondoka, Wien imeondoka. Wengi wetu tunajua maana ya jina kufupishwa namna hiyo mpakani.

London hakuna aliyemjua. Wakati wa vita akatengeneza vifungo vya nguo vya udongo, na kazini kwake wakaajiriwa wakimbizi wengine. Mwaka 1946 akaja Hans Coper, kijana aliyetoroka Ujerumani mwaka 1939, ambaye Waingereza wenyewe walikuwa wamemfunga kama mtu wa nchi adui na kumpeleka mpaka Kanada. Hakuwahi kushika udongo. Akajifunza hapo hapo, na baadaye akawa fundi mkubwa mwenye mhuri wake, HC. Walifanya kazi pamoja mpaka mwaka 1958. Vikombe na vibakuli vyao vya mezani, kahawia nje na nyeupe ndani, vingine vina mihuri yote miwili.

Kwa hiyo rangi inakubaliana na picha. Ila rangi peke yake haitoshi. Rie alipaka kwa brashi ile rangi inayong'aa kwenye chombo kibichi, kisha akakichoma mara moja tu, wakati wengi huchoma mara mbili. Vyombo vyake ni vyembamba, vyepesi mkononi, na kitako ni kidogo. Picha haiwezi kukupa uzito.

Na mhuri nao unaigwa! Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilikamatwa vyombo vya Leach vya bandia. Kumbe vilifinyangwa na wafungwa ndani ya gereza la Uingereza, kwenye darasa la ufinyanzi.

Kina mama wafinyanzi wa hapa watatushangaa. Kwetu hakuna mhuri. Ukiona shingo ya chungu, ule urembo wa kamba ya majani iliyosokotwa na kuviringishwa, unasema huyu ni fulani wa mlima fulani. Lakini hapo ni lazima awepo mtu anayemjua fulani, na sisi tumetawanyika. Mfinyanzi mmoja tuliyemsimulia haya alichukua kijiti, akachora alama yake chini ya mtungi uliokuwa bado haujakauka.

Kuhusu ada, mama, tuseme ukweli: mabakuli makubwa ya Rie yameuzwa mnadani kwa maelfu ya pauni, vyombo vya mezani ni chini sana ya hapo. Tumemwandikia kijana apige picha ya kitako mchana, mwanga ukitokea pembeni, asikisugue, asigundishe palipomeguka, kisha akipeleke kwa wajuzi wa mnada wakishike wenyewe. Amejibu kwamba chumvi ameshaihamisha.